Seva ni ya bei ndogo, lakini ufunguo uko na nani?

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, wa Karavia na wa Katuba, wa Kenya na wa Ruashi, wa Kampemba na wa Annexe: leo hatuongee juu ya barabara wala juu ya maji. Leo tunaongea juu ya seva. Tunajua wengine watacheka: "Batu banakosa umeme, nyinyi munatuletea mambo ya seva!" Mutuvumilie kidogo. Mbele ya kumaliza mutaona kama umeme na seva ni habari moja, na kama kazi yetu pia iko mule ndani.

Habari iko hivi. Mu Karavia, kama mu kartie zingine za muji wetu, kuko kampuni ndogo za watu watano, sita, kumi: duka la dawa, shule ya binafsi, biro ya wenye kutosha mizigo ku Kasumbalesa, fundi wa kuuzisha vipande vya magari. Wote wanafika siku moja ku ulizo lile lile: tovuti yetu, imeli yetu, programu yetu ya kuhesabu stoki, tuiweke wapi? Na kwa sababu mu familia mingi kuko kijana mumoja mwenye alisoma informatiki na hana kazi, ulizo linamuangukia yeye. Siye njo wale vijana. Tuko na diplomi, hatuna mushahara, na mujomba anatuuliza: "Mutoto, ni wapi bei iko chini?"

Jibu letu: mujomba, bei si ulizo la kwanza. Ulizo la kwanza ni hili: siku tukitaka kuhama, tutatoka na vitu vyetu vyote, bila kuomba ruhusa ya mutu? Mupangishaji mwenye unaweza kumuacha leo jioni na kesho asubui kazi yako inaendelea fasi ingine, njo mupangishaji muzuri. Mengine yote yanafuata nyuma.

Tunaongea juu ya kitu gani

Seva ya kupanga, ile watu wa informatiki wanaita VPS, ni kipande cha mashini kubwa. Mashini moja inakatwa vyumba kwa programu, na kila mupangaji ako na chumba chake, mfumo wake na ufunguo wake. DigitalOcean, Vultr na Linode za Marekani, Hetzner na Contabo za Ujerumani, OVHcloud ya Ufaransa, wote wanapangisha vyumba vya namna ile. Chumba kidogo kabisa kinaanzia karibu dola 4 mpaka 6 kwa mwezi, na mara mingi kinakuja na giga 1 ya RAM. Tunasema RAM ya mashini, hapana ile RAM yenye ilikuwa inakula inite zetu za simu mpaka watu wakapiga kelele na ikaondolewa mu 2022.

Neno la kuangalia sana ni "kujisimamia". Mupangishaji anakupa kuta, umeme na waya. Basi. Ni sawa vile kupanga parsele tupu: mwenye parsele hakuletee sentineli. Kufunga mulango, kufanya mapya mfumo, kuweka kopi, kuamka saa nane ya usiku wakati kitu kimekufa, yote ni juu yako. Na wezi hawachelewe. Seva ikipata tu anwani yake ya intaneti, mbele saa ziishe nyingi, mashini za watu usiowajua zinaanza kugonga mulango na kujaribu maneno ya siri: root, admin, 123456. Hawakutafute wewe wa Karavia kwa jina. Wanagonga kila mulango wa dunia.

Njo maana tunasema wazi, hata kama siye tunatafuta kazi: kampuni zingine hazina haja na seva ya kujisimamia. Kama unataka tu ukurasa wenye jina, namba ya simu na picha za duka, kamata nafasi ya kawaida ya tovuti, mwenye mupangishaji anasimamia kila kitu. Kijana mwenye kumwambia patroni "hii hauna haja nayo" anapoteza makuta kidogo ya leo, lakini patroni atamuita tena. Seva yako mwenyewe inakuwa na maana wakati uko na programu yako, stoki yako, fakture zako, na unataka zikae fasi unayoichagua wewe. Na paka kama kuko mutu wa kuichunga. Bila mutu, usianze.

Mashini ilale wapi

Kuko wenye kusema: tununue mashini, tuiweke hapa hapa mu biro ya Karavia. Roho iko muzuri, lakini delestaje haijue roho muzuri. Siku umeme unakatika, unahitaji batri, kisha groupe, kisha mafuta ya groupe. Kisha unahitaji anwani ya intaneti yenye haibadilike, na mistari miwili ya intaneti ili mumoja ukilala mungine uendelee. Ukihesabu yote, ile mashini "ya bure" inakula makuta kuliko chumba cha dola 5. Mashini ya biro tunaiheshimu kwa kazi moja: kulala na kopi. Tutarudi pale.

Kinshasa je? Sasa kuko majumba makubwa ya seva, sawa vile la Raxio na la OADC Texaf, na tunafurahi kuyaona. Lakini majumba yale yanapangisha zaidi nafasi kwa wenye kuleta mashini zao: mabenki, kampuni za simu. Duka la dawa la watu sita haliko muteja wao wa moja kwa moja. Tena, angalieni karte. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa, kwa mustari wa moja kwa moja, ni karibu kilometa 1,570. Kutoka Lubumbashi mpaka Johannesburg ni karibu 1,600. Kwa waya, Afrika Kusini haiko mbali kuliko mukubwa wetu Kinshasa. Intaneti ya muji wetu inaweza kushuka ku kusini kupitia Kasumbalesa na Zambia, ao kwenda mangaribi mpaka Muanda ku bahari.

Mu Afrika Kusini, Vultr ako na mashini Johannesburg. Microsoft alifungua pale mu 2019, Amazon akafungua Cape Town mu 2020. Hawa wawili wa mwisho ni wakubwa, na bei yao iko na vipengele mingi: unalipa mashini, unalipa diski, unalipa kila giga yenye inatoka. Kampuni ndogo inaweza kushituka mwisho wa mwezi. Kwa mwanzo tunapenda bei moja yenye kueleweka, yenye ndani yake kuko tayari giga mia kazaa ao zaidi za kutuma na kupokea.

Ulaya iko bei ndogo zaidi, na mashini ni nguvu. Lakini iko karibu kilometa 7,000. Mwangaza ndani ya waya wa kioo unakimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: kwenda na kurudi Ulaya kunaomba si chini ya sehemu 70 za elfu za sekunde, Johannesburg karibu 16, na njia ya kweli haiko hata siku moja mustari ulionyoka. Kwa ukurasa wa picha, muteja hataona tofauti. Kwa programu ya stoki yenye kuuliza seva mara makumi kwa kila bonyezo, yule dada wa ku kese ataiona, na wateja kwenye foleni wataiona pia.

Usiamini hesabu yetu, usiamini hata matangazo yao. Jaribu. Wengi wa hawa wapangishaji wanahesabu kwa saa: unapanga chumba asubui, unajaribu, unakifuta jioni, na umelipa senti kidogo. Pima kutoka Karavia yenyewe, saa mbili ya asubui na saa mbili ya usiku, kwa Vodacom, kwa Airtel, kwa Orange, muda wa wiki moja. Andika namba ku karatasi. Mutu akikuambia "hii iko mbio", muonyeshe karatasi.

Waya zinakatika, na kuko wenye kukata

Karavia ku bahari ni mbali, lakini bahari inatufikia. Mwezi wa 8, 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari mu bonde refu la muto Congo, na waya wa WACS wenye kutua Muanda ukakatika pamoja na SAT-3. Tarehe 14 mwezi wa 3, 2024, waya mingi zilikatika pamoja karibu na Abidjan, na WACS ilikuwa tena mule. Kwa hiyo ulizo kwa mwenye kukuuzishia intaneti ni hili: wakati njia ya mangaribi imekufa, munapita wapi? Kama hana jibu, seva nzuri kuliko zote za dunia haitakusaidia.

Lakini kuko mukato mungine, wenye haukuletwa na mawe ya bahari. Mwezi wa 1, 2015, wakati vijana waliingia mu barabara juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, siku moja nyuma ya kupiga kura, ilikatwa tena, na tulikaa karibu siku 20 mpaka tarehe 19 mwezi wa 1, 2019. Tunakumbuka wote. Watu walienda karibu na mupaka kutafuta mutandao wa Zambia. Wakubwa walisema ni juu ya usalama. Hakuna mutu alikuja kuuliza duka la dawa namna gani litahesabu stoki yake.

Hapa tunaomba tuelewane vizuri. Hakuna mupangishaji wa seva, wa Ujerumani ao wa Afrika Kusini, mwenye anaweza kukuponya na mukato wa namna ile. Seva yako itakuwa muzima kule mbali, wateja wa inje wataiona, na wewe wa Karavia utabaki kuangalia ukuta. Kwa hiyo kampuni yenye akili inafanya vitu viwili. Ya kwanza, inaweka kopi ya kila usiku ku mashini ya biro, ili siku ya giza wafungue stoki na orodha ya wateja bila intaneti. Ya pili, inasimama pamoja na raia wengine kusema: kukata intaneti ni kuvunja kazi ya watu. Ile ya kwanza ni ya fundi. Ile ya pili ni yetu wote.

Moto wa Strasbourg na jina lililosahauliwa

Usiku wa tarehe 10 mwezi wa 3, 2021, moto uliwaka mu majumba ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Jumba moja zima, lenye waliita SBG2, liliungua, na lile la kando likaharibika. Hakuna mutu alikufa, lakini mamilioni ya tovuti zilizimika. Wengi walijibiwa vizuri, kwa sababu kopi zao zilikuwa muji mungine. Wengine walikuwa wamelipa kopi, lakini kopi ilikuwa imelala palepale kando ya mashini. Moto ulikula yote mbili.

OVHcloud si kampuni mbaya juu ya ile, na hata leo watu mingi wanaitumia. Somo ni hili: kitufe cha "kopi" chenye mupangishaji anakuuzishia kwa dola 1 zaidi kiko muzuri, lakini hakitoshe. Kopi ya kweli inalala kwa mupangishaji mungine, mu inchi ingine, na ingine mu biro. Na kopi yenye haujawahi kuifungua haiko kopi, iko tumaini. Kila miezi mitatu, panga chumba kipya kwa mupangishaji mungine, rudisha kopi pale, uone kama kampuni inaamka. Kama imeamka, umejibu ulizo letu la kwanza: unaweza kuhama. Kama haikuamka, ni bora ujue leo.

Kitu kingine ni jina. Jina la kampuni ku intaneti linaweza kuishia na .cd, alama ya inchi yetu, yenye ilikamata nafasi ya .zr ya Zaïre. Mwisho wa 2020, jina moja lenye mashini za kusimamia .cd zilikuwa zinalitegemea, scpt-network.com, liliachwa likaisha muda bila kulipiwa. Fundi mumoja wa usalama, Fredrik Almroth wa Suède, aliliona liko huru akalinunua yeye, mbele wezi hawajalinunua. Kama lingeanguka mu mikono mibaya, sehemu kubwa ya watu wenye kutafuta tovuti za .cd wangeweza kutumwa popote. Inchi nzima, kwa sababu ya jina moja lenye mutu alisahau kulilipia. Sasa kampuni ya watu sita itajilinda namna gani? Kwa vitu vidogo: jina liandikishwe ku jina la kampuni yenyewe, hapana la kijana mwenye alitengeneza tovuti, tarehe ya kulipa iandikwe ku kalenda ya ukuta, na kama inawezekana, lilipiwe miaka miwili ao mitatu mbele.

Makuta na konti

Wapangishaji wa inje wengi hawajue M-Pesa yetu, Airtel Money wala Orange Money. Wanataka karte ya benki. Karte ya kujaza mbele, zile mabenki ya hapa zinatoa, mara mingi inakubaliwa, lakini ijazwe mbele ya tarehe. Karte ikiwa tupu, kwanza wanakutumia imeli, kisha wanazima seva, kisha wanaifuta. Soma kwa sheria zao siku ngapi ziko kati ya kuzima na kufuta, mbele ya kulipa senti ya kwanza. Wengine wataomba picha ya pasipoti juu unatoka Congo. Inauma, lakini ujiandae.

Usikamate njia ya mukato: karte ya binamu wa Bruxelles. Siku binamu anabadilisha karte, ao munagombana juu ya kiwanja cha nkambo, seva ya kampuni inakufa. Konti ifunguliwe ku jina la kampuni, na kwa anwani ya imeli yenye haikae ku seva ile ile. Watu mingi wanasahau hii: wanajiandikisha kwa imeli ya tovuti yao, tovuti inakufa, na ujumbe wa kurudisha neno la siri unatumwa ku imeli yenye imekufa pamoja nayo. Namba za akiba za kuingilia zichapwe ku karatasi, zilazwe mu sanduku lile lile lenye RCCM na karatasi za kodi.

Angalia tena vitu hivi, mbiombio. Seva iwe ya KVM, ili chumba chako kiwe na mfumo wake kweli. Kuwe na mulango wa dharura, konsole, wa kuingilia wakati umejifungia inje. Uliza kama wanafunga mulango 25 wa kutuma imeli. Wengi wanaufunga kwa wateja wapya, na kwa kampuni ndogo ni bora imeli iachiwe wenye kazi ya imeli. Kamata Debian ao Ubuntu ya LTS, ile yenye kutunzwa miaka mitano. Siku ya kwanza: kuingia kwa ufunguo wa SSH tu, neno la siri lizimwe, ukuta wa kuzuia ufungwe, mapya ya usalama yajiweke yenyewe, cheti cha Let's Encrypt chenye kudumu siku 90 kijifanye upya chenyewe. Hii ni kazi ya masaa mawili. Lakini kuko mutu anapaswa kuifanya.

Na yule mutu, analipwa na nani?

Hapa njo fasi inatuuma. Patroni anasikia "seva ni dola 5" na anaelewa "kazi ni ya dola 5". Kijana anakuja, anasimamisha kila kitu, anaambiwa "aksanti mutoto, hii ni staje, itakusaidia mbele". Anapewa makuta ya transpore na Fanta. Miezi minne inapita. Siku seva inaanguka, simu ya kwanza ni yake, na hasira yote ni juu yake.

Na siye vijana, tuseme ukweli wetu pia. Kuko wenye kubaki na ufunguo peke yao ili patroni asiwaache. Kuko wenye, wakati hawalipwe, wanafunga seva na kusema: "Leta makuta kwanza." Tunaelewa ile hasira, tunaibeba siye wenyewe. Lakini tunasema hapana. Mule mu seva kuko majina ya wagonjwa wa duka la dawa, namba za simu za wazazi wa shule, deni za watu. Si mali yetu, na si mali ya patroni tu. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, na mule kuko sehemu nzima juu ya habari za siri za watu. Kufunga seva ya mwingine kunaweza kukupeleka mbele ya muamuzi, na kunaharibu jina la vijana wote wa UNILU, wa ESIS na wa fasi zingine wenye watakuja nyuma yako. Patroni mwenye aliumwa mara moja hataita tena kijana wa kartie. Ataita kampuni ya inje, atalipa mara kumi, na siye tutabaki kukaa chini ya muembe.

Kwa hiyo tunaomba biashara ya wazi, pande zote mbili. Mwenye kampuni ashike ufunguo mukubwa, yeye mwenyewe. Kijana apewe ufunguo wake, wenye jina lake, wenye unaweza kuondolewa siku kazi imeisha bila kuvunja mulango. Na karatasi moja iandikwe: masaa ngapi kwa mwezi, makuta ngapi, tarehe gani ya kulipa, simu ya usiku inalipwa namna gani. Kampuni tano ndogo za Karavia zikilipa kila moja kidogo kwa mwezi, kijana mumoja ako na kazi. Si utajiri. Lakini ni kazi yenye haiombi barua ya mukubwa wala kabila la mutu.

Kwa wakubwa wetu, tuko na maneno matatu. Shaba na kobalti ya hapa zinapita Kasumbalesa usiku na mchana kwenda kujenga mashini za dunia. Tunataka na siye jumba la seva mu Lubumbashi, lenye umeme wa kweli, lenye kampuni ndogo inaweza kupanga chumba mule na kulipa kwa simu. Tunataka .cd isimamiwe na watu wenye kuangalia kalenda. Na tunataka ahadi kama intaneti haitakatwa tena juu ya kura ao juu ya maandamano. Bila ile, kila kijana mwenye kufungua kampuni anajenga ku mchanga wa mwingine.

Na kwa ninyi vijana wenzetu, hatungoje wakubwa. Wiki hii, kila mumoja wenu mwenye kujua hii kazi aende ku kampuni moja ya kartie yake, aombe dakika kumi, aulize maulizo tano:

1. Jina la tovuti yenu limeandikishwa ku jina la nani, na linaisha tarehe gani?
2. Nani anaweza kuingia ku konti ya mupangishaji, zaidi ya mutu mumoja?
3. Kopi ya mwisho iko wapi, na mulishaifungua siku gani?
4. Mukitaka kuhama kesho, munatoka na vitu gani, mu masaa ngapi?
5. Mutu mwenye kuchunga seva, munamulipa?

Hata wapangishaji wakubwa wanabadilika: Linode ilinunuliwa na Akamai mu 2022, na wateja wake waliamka asubui wako na mwenye nyumba mupya. Kampuni yenye majibu ya haya maulizo tano haitetemeke siku ile. Inafunga mizigo yake, inahama, na kijana wake anahama pamoja nayo, akiwa na kazi.